Njano ya Shamba la Mama Bhoke

Odoyo alipofika machimbo ya dhahabu ya Nyangoto na kuwakuta wanaume wakichungulia mashimo matupu kama watu waliodondosha funguo, alimshukuru Mungu asiyemtupa mja wake. Alihitaji ng'ombe wawili tu. Baba yake Adhiambo alishasema: mahari isipokamilika kabla ya mavuno, binti anaolewa Sirari. Na zizini kwa mama Bhoke, mjane mwenye shamba, walisimama maksai wawili wanono.

Mkobani alikuwa na kioo cha ramani ya majini, kile kinachomwonyesha nahodha mahali alipo. Alikitoa, tusiseme aliiba, kwenye boti ya matembezi kule Musoma alikokuwa mwosha boti. Tajiri wake aliwafundisha wageni kila walipotaka kuendesha wenyewe: nyeupe ni kina kirefu, bluu ni kina kifupi, njano ni nchi kavu, ukiona njano mbele, geuza usukani. Odoyo alilishika somo vizuri. Aliona tu kwamba lingelipa zaidi mahali pasipo na boti.

Akamwamkia mama Bhoke shikamoo kwa adabu, akakiwasha. Kioo kikawa njano kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa sauti ya daktari anayesoma majibu, akaeleza kwamba setilaiti huona hadi chini ya mwamba, na hiyo njano, mama, sina haja ya kukutajia jina lake. Wachimbaji wakaacha sululu, wakasogea.

Mama Bhoke hakuwa mtu wa haraka. Aliomba kijaribiwe na kwa jirani. Njano. Chooni kwa mchimbaji Waitara: njano vilevile, na wenzake wakamtazama Waitara kwa wivu. Mama Bhoke akakitazama kioo, akamtazama Odoyo, akauliza bei.

"Maksai wako wawili tu, mama. Ni kama nakupa bure."

"Kifaa cha nini tena, baba, na shamba lote ni dhahabu? Mimi nimekosa mfadhili."

Machimboni, mwenye shamba hutoa ardhi na mfadhili hutoa chakula na vifaa, kisha mawe hugawanywa. Na kwa Nyangoto, aliyeonyesha mwamba ndiye huweka mali yake kwanza na kushuka shimoni kwanza. Akikataa, basi hauamini mwamba wake mwenyewe, na mtu huyo husindikizwa kwa sululu.

Odoyo alisema yeye ni mpita njia.

"Mpita njia gani anaikimbia dhahabu aliyoiona kwa macho yake?" Waitara aliuliza taratibu, akilihamisha sululu lake begani.

Pikipiki aliyokuja nayo Odoyo ikauzwa jioni hiyo, ikawa chakula na vifaa. Mahali pa kuchimba alichagua mama Bhoke: bondeni, kwenye migomba. Wakatoa udongo, kisha tope, kisha maji baridi, safi. Mavuno yakapita, Adhiambo akaenda Sirari. Wachimbaji, waliokuwa wakibeba mawe yao mbali kwenda kuyaosha, sasa waliosha hapohapo na kumwachia mama Bhoke fungu lake.

Odoyo, maji kifuani, akauliza kutoka chini kama mama alijua tangu mwanzo kwamba hapo kuna maji.

"Nimelilia kisima tangu mzee afariki. Kila mfadhili alitaka dhahabu."

"Basi umekipata, mama. Niteremshie kamba nitoke."

Mama Bhoke akakifuta kile kioo cha Odoyo kwa khanga, akakiinamia kwa makini.

"Bado kidogo, baba. Huku kinaonyesha njano."