Kofia Inayoongea na Setilaiti

Jumatatu, 3 Juni

Ofisi ya kupima viwanja inataka mpimaji mmoja wa kudumu. Vibarua tuko wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Yeye ana simu mpya. Yangu kuukuu, kwenye ramani mara niko jikoni kwa jirani, mara juu ya paa lake. Lakini akili ni nywele! Nimenunua kipokezi cha setilaiti, kidogo kama kipande cha sabuni. Kinaongea na simu kwa bluetooth. Shemeji asijue.

Jumanne, 4 Juni

Kimegoma. Nimezunguka nacho sebuleni asubuhi nzima. Mke wangu kauliza kama naita mizimu. Fundi simu kacheka mpaka akakaa chini. Eti kukiunganisha tu hakutoshi. Lazima niiambie simu, kule kwenye mipangilio, iache kujitafuta yenyewe, isikilize kipokezi. Tena kifaa kinataka kuona mbingu.

"Ramani itaonyesha kilipo chenyewe," kasema, "si ulipo wewe."

Nani asiyejua hilo?

Jumatano, 5 Juni

Nimekishonea juu ya kofia, chini ya kitambaa chepesi. Ramani inanifuata uani hatua kwa hatua. Situlii! Nimeshaanza kutembea kama mtu mwenye mshahara.

Ijumaa, 7 Juni

Mtihani. Kiwanja kidogo cha bibi mmoja mjane, tukipime kwa zamu. Mkuu wa ofisi kaja. Nikavua kofia kwa heshima, nikaitundika kwenye nguzo ya kona, nikazunguka mipaka yote kichwa wazi, simu mkononi, kwa madaha. Mkuu akaitazama simu. Akaitazama tena. Kwa kipimo changu, kiwanja chote kilikuwa na ukubwa wa kofia.

"Sasa mwanangu," bibi akauliza kwa upole, "nyumba yangu imesimama wapi?"

Aibu! Na kueleza siwezi, shemeji yuko pale pale. Kazi kapata yeye.

Jumamosi, 8 Juni

Nimelia kidogo. Mke wangu kasema mficha uchi hazai, ningemuuliza tu kaka yake. Anamtetea, damu nzito.

Kosa nimeligundua: kofia huvuliwa. Nimekihamishia kipokezi ndani ya soli ya kiatu. Kesho shemeji katualika sebuleni kwake tumpongeze, nitakijaribia huko. Mke wangu kanikumbusha nivae soksi zisizotoboka, maana viatu tutaviacha mlangoni. Wanawake kwa mambo madogo!