Taya Lililogoma Kwenye Sauti "A"

Jamani, leo uso wangu sijui niufiche wapi. Sogeeni karibu, maana nasema polepole. Taya linauma.

Mnajua nafundisha darasa la kwanza hapa Bagamoyo. Watoto wameanza juzijuzi, wengine bado wanabeba kibao cha kuandikia kichwani kama sinia. Leo ilikuwa zamu ya sauti "a". Na nilikuwa na mgeni! Bi Mwajuma, ametoka Zinga kwa miguu na binti yake Siwema, kutazama kama shule inafaa. Amesikia walimu tunaonea watoto.

Mwalimu Mkuu akaninong'oneza, "Huyu akiridhika, wenzake nao wataleta mabinti. Akikasirika, basi tena."

"Niachie mimi," nikamjibu. (Kiherehere changu!)

Bi Mwajuma akaketi mkekani nyuma ya darasa. Siwema kajificha ndani ya kanga ya mama yake, hata shikamoo haikumtoka. Nikasimama mbele.

"Watoto, tazameni mdomo wangu. Sauti hii haitaki haya. Fungueni kama mnameza embe zima!"

Nikafungua. Nikaongeza kidogo, mgeni aone bidii.

Ko! Kitu kikalia karibu na sikio. Nikataka kufunga mdomo. Haufungi!

"Aaa!" nikasema. Maana yangu: nisaidieni.

"Aaa!" wakaitikia watoto.

Nikapunga mikono. "Aaa! Aaa!"

Wakapunga mikono. "Aaa! Aaa!" (Hawa hawa ambao jana kuwatoa sauti ilikuwa kazi!)

Udenda ukaanza kunitoka. Hamisi wa mstari wa mbele akadhani ndilo somo, akauachia wake mpaka kifuani. Mwalimu Mkuu akachungulia dirishani, tarbushi kichwani, uso umemchanua.

"Vizuri sana, Mwalimu! Mnasikika mpaka ofisini!"

Akaenda zake. Akaenda, jamani!

Machozi yakanilengalenga. Hapo Bi Mwajuma akainuka.

"Huyu hafundishi, taya limemtoka! Mume wangu humtokea hivi hivi akipiga miayo."

Akaviringisha ncha za kanga kwenye vidole gumba, akaniingizia kinywani, juu ya magego. "Tulia, mwanangu. Bismillahi." Akabonyeza chini, akasukuma nyuma. Ko! Taya likarudi.

Likarudi na vidole vyake vimo ndani.

"Mamaaa!" akapiga kelele.

"Mamaaa!" darasa zima likaitikia. (Na "a" yao ilikuwa safi kabisa, siwezi kuficha.)

Ndiyo. Mzazi aliyekuja kuona kama tunaonea watoto, nimemng'ata! Nikapiga magoti. "Niwie radhi, Bi Mwajuma, sikukusudia." Akageukia mlango. Nikajua Zinga yote imenipotea.

Mara nikasikia kicheko. Siwema alikuwa anagaagaa mkekani, anajishika tumbo. Akainuka, akaenda kujibana katikati ya wenzake.

"Mama, wewe nenda," akasema. "Mimi nabaki."

Bi Mwajuma akavipuliza vidole vyake. "Haya, nakuachia, Mwalimu. Lakini ukimng'ata na huyu, nitakuja kulirudisha taya lako pale nilipolikuta."

Basi nimerudi nyumbani moyo mweupe, mwanafunzi nimempata. Ila nawaomba sana: anayetaka kucheka akacheke kwake. Msinichekeshe mimi. Nimekatazwa kupanua mdomo mpaka Ijumaa.