Hodi Tatu Mbele ya Visanduku Vitupu

Kwa Mtengenezaji wa Fomu ya Pembejeo,
Mtandaoni.

Ndugu yangu nisiyekujua,

Assalaam aleikum kutoka Kikole. Sisi wazima, inayoumwa ni mikorosho. Ugonjwa wa ubwiri unga umeshaingia kwenye maua na sulfa ya kupulizia sina. Nakuandikia kwa adabu, ingawa nimekasirika sana.

1. Mlisema tujiandikishe kwa simu. Nikafungua fomu yako, nikakuta visanduku vitupu, hakuna hata neno la kusema humu weka nini. Mimi nililelewa: penye mlango usioujua, unabisha. Cha kwanza nikaandika Hodi. Kimya. Cha pili, Hodi. Kimya. Cha tatu, Hodi. Ya tatu isipoitikiwa muungwana huondoka zake, lakini fomu ikagoma kwa maandishi mekundu kwamba cha nne ni lazima. Nikaandika: Kuna Watu Humu? Cha tano kikataka tarakimu tu, nikakipa umri wangu.

2. Ukaja ujumbe wa kumpongeza Ndugu Hodi Hodi Hodi, wa kijiji cha Kuna Watu Humu, mwenye mikorosho sitini na nane. Mikorosho yangu ni mingi kuliko miaka yangu, alhamdulillahi.

3. Joyce wa steshenari ameniambia fundi wa fomu akisahau kuandika jina la kisanduku, mtambo wenu wa kutengenezea fomu haumkumbushi. Unakichora hivyo hivyo. Yaani mimi nikiacha pengo nakaripiwa kwa wekundu, fundi akiacha anastahiwa?

4. Klementi wa ghalani anasema mfuko wa sulfa upo, ila ni wa Hodi, nilete kitambulisho cha Hodi. Klementi huyu! Sufuria za harusi yake nilizibeba mimi.

5. Siku hizi nikibisha hodi kwa majirani, wanajibu kwamba jina wamelisikia, sasa niseme shida yangu. Inauma.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Viandike visanduku majina kabla maua hayajapukutika. Au kitambueni rasmi kijiji cha Kuna Watu Humu, mimi niwe mwenyekiti, maana mkazi ni mimi peke yangu na kura nitajipigia. Kitu kisichoandikwa jina ni mtego, ndugu yangu, na mwenye akili hakiachi hivyo nyumbani kwake.

Wasalimie wote hapo ofisini, na huo mtambo pia, ukiitikia.

Wako mwenye manung'uniko,
Abdurahmani Haruna
(kwenu: Hodi)

Tanbihi: Mke wangu Zakia amesoma barua hii akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe sulfa ya mwaka jana ilibaki, kwenye mfuko uliokuwa wa saruji. Alitaka kuuandika jina, nikamkatalia, nikasema nyumba hii kila mtu anajua kilichomo. Juzi nikaikoroga nikidhani ni chokaa, nikapaka baraza, na ile rangi ya manjano nikaisifu mbele ya wageni. Baraza letu mwaka huu halitapata ubwiri unga.