Biti Ziko Mwisenge, Kwaya Iko Bunda

Leo nimeaibika mbele ya kanisa zima, na bado nabisha.

Sikilizeni. Mimi ndiye fundi wa vyombo wa kwaya yetu hapa Musoma. Tunaimbia biti, yaani muziki uliorekodiwa tayari, na biti zote natengeneza mimi kwenye kompyuta yangu ya mezani, nyumbani kwa baba, Mwisenge. Leo tulikuwa na mashindano Bunda. Kwaya moja tu inachaguliwa kwenda kuimba kwenye mkutano mkubwa Mwanza. Mama Rhobi wa sauti ya kwanza alishamwambia bintiye aliyeolewa huko amtandikie kitanda. Mnaona uzito wake.

Asubuhi Mwalimu Masatu, mwalimu wetu wa kwaya, akaniuliza, "Nyangeta, biti umebeba kwenye flashi?"

Nikacheka. (Nilicheka kweli. Mungu anisamehe.)

"Mwalimu, flashi ni mambo ya zamani. Mimi naingia kwenye kompyuta ya nyumbani nikiwa popote."

Na sikudanganya! Kompyuta ya nyumbani ina anwani yake ya intaneti, namba ndefu yenye nukta katikati. Ukiwa nayo, unaifungua kwa laptopu kutoka mji mwingine na kuitumia kama kawaida. Shida ni moja. Kwetu anwani hiyo inabadilika kila ruta, kile kisanduku cha intaneti, ikizimwa na kuwashwa. Ipo huduma ya kuipa kompyuta jina moja lisilobadilika, na nilishaambiwa nijisajili. Nikasema ya nini? Nikaandika namba kiganjani kwa kalamu, nikapanda gari.

Nilichosahau ni baba na radi.

Wa huku mnaelewa. Wingu likinguruma upande wa ziwa, baba anafunika kioo, anafunika tivi, anachomoa kila chenye waya. Ruta ndiyo ya kwanza. Mvua ikikatika anarudisha kimoja kimoja, na ukimwambia ni imani tu anakutajia ng'ombe wote waliopigwa na radi tangu azaliwe.

Tumefika Bunda, jua kali. Bado kwaya moja tufuate sisi. Naunganisha laptopu kwenye spika za kanisa, naandika namba ya kiganjani. Hakuna kitu. Naandika tena. Hakuna kitu! Nikampigia baba.

"Baba, ulizima ruta?"

"Nilizima, nimewasha. Huku radi inapiga tangu asubuhi, wewe unaniuliza ruta?"

Basi anwani ni mpya. Kwa bahati nilishaweka kwenye kompyuta alama ambayo ukiibonyeza inakuonyesha namba ya wakati huo. Baba akaondoa blanketi (ndiyo, kompyuta nayo inafunikwa), akabonyeza, akaanza kunisomea tarakimu moja moja, taratibu, kama anasoma matangazo ya ndoa. Nikaandika kwenye kiganja cha pili. Alipokaribia mwisho nikasikia ngurumo kwenye simu.

"Subiri. Nachomoa."

"Baba, usichom..."

Kachomoa.

Tukaanza upya. Radi imetulia, baba kawasha, namba imebadilika tena. Viganja vimejaa, nikaandika mkononi kuelekea kiwiko. Nikajaza kwenye laptopu, nikabonyeza.

Nikaingia! Kompyuta yangu ya Mwisenge hiyo hapo mbele yangu, na mafaili yake yote. Nikamwinulia Mwalimu Masatu kidole gumba. Kwaya ikapanda mbele na sare mpya. Mwalimu akainua mkono. Nikabonyeza biti.

Kimya.

Kwenye skrini naona wimbo unatembea. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaipandisha mpaka mwisho. Kimya! Kwaya imesimama, midomo wazi. Majaji wananitazama. Halafu simu ikaita.

"Nyangeta! Kompyuta yako imepagawa! Inapiga muziki yenyewe!"

Nyuma ya sauti yake nikasikia ngoma. Ngoma zetu. Biti ilikuwa inapiga vizuri kabisa, ila inapigia Mwisenge, kwenye yale maspika makubwa ya mazoezi, na mimi ndiye niliyekuwa naipandisha.

(Ndiyo, kuna mahali pa kubadilisha ili sauti ije huku. Ndiyo, ningeweza kulikopi faili kwanza. Najua. Msiniandikie.)

"Na Mzee Magesa alikuja tuongee habari ya ng'ombe," baba akaendelea, "sasa amesimama anacheza!"

Mwingine angekimbia. Mimi sikimbii. Nikachukua maiki, nikaibandika kwenye simu. "Baba, usiguse kitu. Sogeza simu kwenye spika."

Biti ikaja. Inakwaruza, lakini imekuja! Mwalimu Masatu alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, akainua mkono tena, kwaya ikaingia. Na waliimba jamani. Ubeti wa kwanza safi. Kwenye kiitikio watu wakasimama, vitambaa juu. Nikaanza kujisikia. Flashi kitu gani?

Ndipo radi ikapiga. Ilipiga Musoma, ila ilitokea kwenye spika za kanisa la Bunda, kubwa kiasi kwamba watu walitazama paa. Mama mmoja wa nyuma alitoka mbio kwenda kuanua mihogo yake, na nje jua linawaka. Halafu sauti ya baba ikajaa kanisa zima.

"Nachomoa! Mnataka nife kwa sababu ya kwaya?"

Na kwa mbali, Mzee Magesa akimhimiza baba: "Chomoa, Wambura, chomoa!"

Kimya. Wenzangu wamebaki mikono juu, katikati ya haleluya. Kisha kanisa likapasuka kwa kicheko. Jaji mmoja alilaza kichwa mezani, mabega yanatikisika.

Tumekuwa wa mwisho. Mwanza wanakwenda wengine. Tukiwa tunatoka, Mama Rhobi akaniuliza taratibu, "Sasa binti yangu wa Mwanza nimwambieje? Akitandue hicho kitanda?" Hapo niliumia. Nilizunguka nyuma ya kanisa nikalia kidogo.

Lakini nabisha! Niliingia kwenye kompyuta iliyoko Mwisenge nikiwa Bunda, na anwani ilikuwa inanikimbia siku nzima. Aliyeharibu ni wingu. Leo hii najisajili nipate jina la kudumu, baba achomoe mpaka achoke. (Akiwa amechomoa jina nalo halisaidii, lakini hiyo ni hoja nyingine.)

Tulipofika stendi kusubiri gari la kurudi, nikawaambia bila kuinamisha kichwa, "Mwaka ujao vyombo niachieni tena mimi."

"Shindwa!" wakaitikia kwaya nzima, sauti zote nne, bila biti, na hakuna aliyechelewa kuingia.