Shikamoo ndani ya skramu

Leo nimeaibika mbele ya watu, na nina hasira hadi sasa.

Nacheza raga hapa Kyela. Mimi ni namba sita. Kwenye skramu, pale watu wanane wanapoinama kusukumana na wanane wengine, namba sita anakaa safu ya nyuma, pembeni. Namshika mgongoni kijana mwenzangu, basi.

Leo kocha kaamka na yake. "Lusajo, nenda safu ya pili."

Wiki iliyopita safu ya pili, juzi safu ya nyuma, leo tena safu ya pili. Mimi ni benchi la kanisani, nihamishwe tu? (Sikusema hivyo. Nilisema, "Sawa, kocha.")

Safu ya pili kazi yake ni hii. Unapitisha mkono katikati ya mapaja ya mtu wa mbele, unakamata bukta yake kwa nguvu, na kichwa chako kinabanwa na kalio lake. Wiki iliyopita mbele yangu alikuwepo rafiki yangu Gwakisa. Leo Gwakisa anaumwa. Akaja kuinama Baba Ambakisye.

Huyu ni mtu mzima, mbeba magunia ya mpunga. Pia ni baba mdogo wa Tusekile, binti ninayetaka kumuoa. Baba yake Tusekile alishafariki, kwa hiyo Jumapili mshenga wetu alikwenda kwa huyu huyu. Jibu ilikuwa tulipate kesho.

Nikamfuata kocha. "Naomba nirudi nyuma."

"Kwa nini?"

Ningesemaje, na mzee amesimama pale pale?

"Skramu haina aibu. Ingia."

Nikainama. Mkono ukagoma kupita. Nikashika upindo wa jezi yake kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa unywele kwenye ugali. Halafu nikaona, kichwa kimeshafika huku, nitamgusaje mkwe bila hata kumsalimia?

"Shikamoo, baba."

Mzee alikuwa amebana pumzi, tayari kusukuma. Lakini mtu mzima wa huku hawezi kuacha salamu ipite. Akalegea, akageuza shingo. "Marahaba, hujambo mwana..."

Wapinzani wakasukuma. Tukaanguka wote, yeye chini kabisa, uso kwenye tope.

Akainuka anatema majani. "Nani amenisalimia makalioni?"

Uwanja mzima ukacheka. Namba tano, niliyekuwa nimekumbatiana naye, akasema, "Ungemuuliza na habari za nyumbani." Kocha alicheka hadi akakaa chini. Kocha huyo huyo aliyenipeleka pale. Ndaga fijo, kocha. Asante sana.

Mechi ilipoisha nikaenda kuomba radhi. Mzee alikuwa anajipangusa masikio.

"Wewe ndiye wa yule mshenga?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe, ilikuwa heshima."

"Heshima gani ya kuniangusha? Mwambie kesho asije. Jumamosi uje mazoezini, unishike bukta kisawasawa, mara kumi, bila salamu. Ukiweza, tutaongea habari za binti."

Nimemwambia Tusekile. Amesema atakuja kuhesabu.

Basi ndugu zangu, ndoa yangu sasa iko kwenye bukta ya mkwe. Atakayecheka nisimwone kwenye harusi, kama itakuwepo.