Melkior Azamisha Hadubini Ziwa Babati

Sogeeni, enyi wa Bagara na Nangara, nanyi wa Maisaka msioweza kunyamaza hata kanisani, fungeni midomo mpokee habari za Melkior, mwalimu wa baiolojia, simba wa ubao mweusi, aliyeingia Ziwa Babati na suruali yake ya pekee katika mwaka ule ambao sabuni ilionekana mjini kwa nadra kuliko askofu.

Shujaa huyu alikuwa amesoma katika jarida kuukuu kwamba wataalamu wa ng'ambo huzamisha mashine ya mwanga baharini na kuwanasa viumbe wasioonekana kwa macho katika picha iitwayo hologramu, yenye mbele na nyuma, bila kumtoa hata mmoja majini. Usingizi ukamkimbia. Miaka yote yeye aliwaona wamekufa, wamelazwa juu ya kioo. Sasa alitaka kumwona mmoja akiwa hai, nyumbani kwake, japo mara moja kabla ya kustaafu. Akaifunga lenzi ya hadubini ya shule ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, akaziba kwa nta na mpira wa baiskeli, na mbele yake akafunga tochi ndani ya mfuko wa nailoni.

Lakini betri, jamani! Mji mzima haukuwa na betri ila mbili za Mzee Gidabuday, mfugaji, ambazo alikuwa akimmulikia fisi. Mzee akakubali kuziazima mpaka alasiri tu, akazianika juu ya bati tangu asubuhi ili zipate nguvu, kisha akazisindikiza mwenyewe mpaka ziwani.

"Mwalimu!" akanguruma kutoka ukingoni. "Ukizizamisha betri zangu, na wewe zama hukohuko!"

"Shikamoo, mzee," akajibu Melkior, maji kifuani.

"Marahaba. Harakisha."

Basi shujaa akainama, jicho koponi. Akaona tope. Akasogea, tope tena. Mara kiboko akaibuka penye matete, akapiga mwayo mpana kama mlango wa ghala, na Melkior akamhutubia: "Ewe mfalme wa matope, sikukufuata wewe! Nimemfuata mdogo kuliko wote! Kaa na unene wako!" Kiboko akaipuuza hotuba, akazama. Mwanga wa tochi nao ukaanza kuwa mwekundu, na moyo wa mwalimu ukanywea, maana betri zilikuwa zinakata roho.

Ndipo akamwona! Kiroboto wa majini, kidudu kisichofikia punje ya ulezi, mwangavu kama ukucha wa mtoto, moyo unadunda, na mgongoni mayai.

"Yuko hai!" akalia Melkior, machozi yakidondokea kopo. "Mzee, yuko hai, na ana mimba!"



"Wa nani?" akauliza Gidabuday.

"Hana mwenyewe, mzee. Wa ziwa tu."

"Aa, ni wako. Umemwona wewe kwanza." Mzee akaingia majini na katambuga zake miguuni, akachungulia katika mwanga ule wa mwisho, akakawia sana. "Mzima kabisa," akatamka. "Betri kaa nazo. Tutazianika tena mpaka azae. Fisi nitamfukuza kwa matusi."

Basi na iandikwe kwamba katika mwaka ule wa dhiki, mtu wa Babati alipata mfugo bila kununua jani. Tangu siku hiyo hakuna mchungaji wa ng'ombe aliyepita shuleni bila kusimama langoni, kuegemea fimbo yake, na kumwuliza Melkior, kwa heshima anayopewa mtu mwenye zizi, mzazi anaendeleaje.