Mlinzi wa Siri Mwenye Kufuli Tatu

Jumanne, 11 Februari

Zimepotea. Karatasi za wajitoleaji thelathini na wanne wa Jumuiya ya Kheri ya mtaa wetu, zote, kati ya jana adhuhuri na leo asubuhi, ndani ya duka langu lenye kufuli tatu. Mwizi namjua. Ni Ustadh Galal.

Niyaandike yalivyokuwa, ili siku ya kutoa ushahidi nisibabaike. Ramadhani imekaribia. Jumuiya itapika futari ya barabarani na kupeleka vikapu kwa wajane na mayatima. Mwaka huu imeamuliwa kwamba hakuna atakayebisha hodi kwa mjane kabla hajaleta cheti cha tabia njema cha polisi, nakala ya kitambulisho, na fomu yenye umri, ndoa, maradhi na jina la mama. Jina la mama! Hapa Damanhur, kama Misri nzima, mwanamume atakuonyesha kovu la bawasiri kabla hajakutajia jina la mama yake. Kwa hiyo alitakiwa mlinzi. Nikapendekeza jina langu, nikajipigia kura, nikashinda.

Galal, mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti, alitaka karatasi zisitunzwe kabisa. Eti mwenyekiti azitazame, aweke alama ya "ameonekana", kisha kila mtu arudi nyumbani na karatasi zake. Nikamuuliza mbele ya watu: mlinzi asiye na kitu analinda nini, upepo? Watu walicheka. Mimi nilianza maisha na kikaango kimoja cha mbegu za matikiti. Leo ninavyo vinne. Sihitaji kufundishwa kutunza vitu.

Kabati la chuma kila mwizi analijua. Basi jalada la kijani nililijaza kalenda za zamani, nikalifungia kabatini, liwe chambo. Karatasi zenyewe nikazificha mahali ambapo hata shetani asingepafikiria: katikati ya rundo la makaratasi chakavu kando ya kikaango, yale tunayoyanunua kwa kilo na kuyakunja pembe za kuuzia mbegu.

Leo asubuhi chambo kipo. Rundo halipo. Na jana Galal alikuja kununua robo ya mbegu za maboga, akasimama palepale kwa muda wa kutosha kusoma Yasini. Nimemuuliza mke wangu, Mama Rida, kama aliona lolote. Amesema ataona saa ngapi, na tangu alasiri alikuwa anakunja pembe za watu wa mechi? Mwanamke huyu hata tembo akipita haoni.

Jumatano, 12 Februari

Nimemfuata Galal kutwa. Asubuhi: mkate. Adhuhuri: msikiti. Kisha mkahawani, akainama, akaokota kitu sakafuni, akakitia kwenye kopo la biskuti. Nimeandika: anaokota taka. Pensheni imemshinda.

Kurudi dukani, nikamkuta Madam Inshirah, mkuu wa kamati ya wanawake, na pembe ya karatasi mkononi. Alisema ameitoa kwa daktari wa meno. Yaani ameinyang'anya kwa mgonjwa mwenzake, aliyekuwa anatafuna huku anasoma. Nikasoma na mimi. Jina lake. Picha yake. Amezaliwa 1956.

Madam Inshirah ana miaka hamsini na miwili. Amekuwa nayo tangu nifungue duka.

Nikapiga hesabu kichwani, ila bahati mbaya ikatoka kwa sauti: sitini na tisa, ikifika mwezi wa sita. Akanimwagia mbegu usoni. Za chumvi.

Mama Rida akahojiwa upya. Hakuona haya hata kidogo. "Baba Rida, si wewe uliyesimama mlangoni ukinihimiza, kunja mama, kunja, mechi inaanza? Nikakunja. Ulitaka niisome kila karatasi? Kwani mimi mkunja pembe au hakimu?"

Hesabu. Watu 34, kila mmoja karatasi tatu: 102. Kila karatasi hutoa pembe mbili: 204. Zilizobaki kapuni bila kuuzwa: 43. Kwa hiyo mjini kuna 161. Na mojawapo ina jina la mama yangu.

Bado naamini Galal ana mkono wake humu.

Alhamisi, 13 Februari

Mpango. Mzuri mno, hata mimi nimejiogopa. Nimekodi bajaji yenye kipaza sauti, izunguke mji mzima ikitangaza: atakayerudisha pembe tupu kwa Mitwalli, yaani mimi, atapewa pembe iliyojaa, bure. Tahadhari! Pembe hizo zina siri za watu. Ni haramu kuzisoma.

Kufikia adhuhuri mji mzima ulikuwa unasoma. Watu ambao hawajafungua kitabu tangu darasa la nne walikaa kwenye ngazi za nyumba zao wakinyoosha makaratasi kwa kiganja. Muuza ful, yale maharage ya kifungua kinywa, aliacha wateja na masufuria yake. Foleni ilifika msikitini. Mzee mmoja aliniuliza kwa adabu kama mwenye vidonda vya tumbo ndiye yule fundi bomba, maana amemwalika chakula Jumapili, naye anataka kujua kama atie pilipili.

Zilizorudishwa: 318. Zetu: 52. Nyingine zote ni mitihani ya hisabati, kadi za harusi za watu walioachana zamani, na pembe ishirini na sita za Abu Samra, mshindani wangu wa ng'ambo ya reli. Nimewalisha wateja wa Abu Samra! Kwa mbegu zangu!

Jioni akaja Mama Hanani. Huyu ni Fikriya, mpishi wetu. Chungu chake ndicho kinacholisha watu mia mbili kila futari. Hakukubali kukaa. Cheti chake si safi, na wanaolijua hilo ni watatu tu: mwenyekiti, Galal na mimi. Miaka kumi na sita iliyopita karani wa manispaa alikuja kulizoa jiko lake la barabarani, naye akamtandika kwa mfuniko wa sufuria. Akafungwa miezi mitatu. Mwenyekiti alimpokea hata hivyo. Alisema vyeti ni kwa ajili ya wezi na wenye kuwadhuru watoto, na makarani wajilinde wenyewe.

Sasa binti yake Hanani anasomewa Fatiha ya posa Alhamisi ijayo. Na mama wa bwana harusi, Hajati Ihsan, ni mtu wa kuchunguza mpaka babu wa paka. Pembe hiyo ikimfikia, hakuna Fatiha.

"Haji Mitwalli," akasema. (Mimi si haji. Nimefika Tanta tu, mji jirani. Lakini sikatai.) "Karatasi ile nilikupa wewe. Sikuupa mji."

Nikamfungia robo ya mbegu, bure. Akaiacha juu ya mizani.

Jumapili, 16 Februari

Mama Rida amekumbuka kwamba Jumatatu jioni Hajati Ihsan alinunua mbegu nyeupe, pembe tele. Basi! Ya Fikriya iko kwake! Nikavaa koti langu la harusi, nikashika ubao wa kuandikia, nikaenda. Nikajitambulisha kuwa ni mkaguzi wa mbegu. Akasema ananijua, mimi ni Mitwalli wa kikaango. Nikamwambia leo nimekuja kwa ukaguzi.

Nikamweleza kwamba chumvi imezidi, azirudishe zote, na hasa karatasi. Akauliza tangu lini chumvi ikakaa kwenye karatasi. Mwanamke hatari! Akanipa chai. Akanitazama bila kupepesa. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Nikaona heri niufunge mlango wa shaka moja kwa moja. Nikamhakikishia kwamba hakuna karatasi yoyote yenye jina la Fikriya, mama yake Hanani, na hata ingekuwapo, mfuniko wenyewe haukuwa mzito, na karani alipona.

Hajati akanitilia kijiko kingine cha sukari.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Kunywa, uendelee."

Sikuendelea sana. Nilitaja mwaka tu. Na gereza.

Nadhani ule mlango nimeufunga vizuri.

Jumanne, 18 Februari

Neno limetoka kwa Hajati Ihsan: Fatiha isubiri kwanza.

Mama Hanani aliingia dukani wakati limejaa wateja. Akaweka mfuniko wa sufuria kwenye mizani yangu, kwang! "Upime," akasema. "Usije ukaenda tena kwa wakwe zangu kukisia uzito." Kisha akatangaza kwamba mwaka huu hapiki. Tumtafute mpishi ambaye karatasi zake hazijapita mikononi mwa muuza mbegu. Alipofika mlangoni akageuka. Alisema binti yake hajala tangu juzi. Akaondoka bila mfuniko.

Watu mia mbili, siku thelathini. Futari elfu sita. Nani atapika? Mimi? Najua kukaanga tu.

Nyuma yake alikuwepo Galal na kopo lake la biskuti. Tupu. Kumbe tangu Jumatano mtu huyu anazunguka mikahawa, vinyozi na ngazi za watu, kimyakimya, akiokota pembe zetu. Anasoma jina, anakunja, anampelekea mwenyewe mlangoni, na mwenyewe anaitia katika tanuri la mkate kwa mkono wake. Amerudisha 97. Nikamuuliza amesoma zipi. Akasema jina tu, kwa kuwa hakuhitaji zaidi. Mtu wa ajabu. Kazi yote hiyo bila kujua chochote!

Nikataka kujua kuhusu ya Fikriya. Akasema aliipata kwa kinyozi. Mama Hanani mwenyewe aliichoma Jumamosi.

Mimi nilikwenda kwa Hajati Jumapili.

Nimehesabu mara mbili. Jumamosi hutangulia.

"Karatasi haikumfikia Hajati, Haji," akasema Galal. "Aliyemfikia ni wewe."

Alhamisi, 20 Februari

Haya nimeyapata kwa Mama Rida, kwa sababu mimi sikualikwa.

Jana Mama Hanani aliuchukua mfuniko wake dukani kwangu, hata salamu asinipe, akaenda nao kwa Hajati Ihsan. Akauweka juu ya meza ya chai. Akasimulia mwenyewe yote, tangu jiko hadi gereza. Alisema hakuja kuomba radhi kwa ajili ya karani. Amekuja ili Hanani asilipe deni la mfuniko.

Hajati alisikiliza mpaka mwisho. Akasema mfuniko haumsumbui, marehemu mumewe alistahili mmoja kila Ijumaa. Lililomuuma ni kusikia habari za mkwe wake kutoka kwa muuza mbegu mwenye ubao. "Ungekuja wewe kwanza, dada yangu, tungecheka tangu Jumapili."

Fatiha imesomwa leo. Hanani amekula sahani mbili. Mama Hanani atapika, kwa sharti moja: karatasi zitazamwe, ziwekwe alama, zirudi kwa wenyewe. Jumuiya imepiga kura. Ofisi ya mlinzi imefutwa, thelathini na tatu kwa mmoja. Nilinyoosha mikono yote miwili, wakahesabu mmoja. Galal akabeba kapu langu na zile 52, akazirudisha zote jioni hiyohiyo.

Na mbegu za sherehe zilitoka kwa Abu Samra. Katika karatasi nyeupe. Tupu pande zote mbili! Mtu anatafuna na hana hata cha kusoma!

Jumamosi, 22 Februari

Leo mkahawani, mbele ya watu, muuza chai ameniita: "Karibu, mwana wa Tafida!" Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Chai ikanipitia puani.

Mama Rida anasema sina cha kulia. Eti marehemu mama yangu aliuza mayai sokoni miaka thelathini, akiyanadi kwa jina lake, "Mayai ya Tafida, mabichi!", na mji wote unalijua. Sikubali. Hii ni kazi ya pembe.

161, toa 52, toa 97. Bado pembe kumi na mbili ziko mitaani. Wamenivua cheo, akili hawakunivua. Nimeandaa tangazo kwa herufi kubwa: majina ya wote ambao siri zao hazijapatikana, na ninayoyakumbuka kuhusu kila mmoja, umri, ndoa, maradhi, ili mwenye kuokota azitambue haraka. Madam Inshirah nimemweka juu, kwa heshima ya umri. Mama Rida aliuliza kama nina hakika. Nikamuuliza: siri isiyojulikana na mtu, nani atajua kwamba anapaswa kuitunza?

Karatasi sikununua. Chini ya mizani nimekuta sita nzima, hazijakunjwa, zina picha na mihuri upande mmoja tu. Mwenye akili hatupi karatasi. Nimeandika kwa nyuma. Moja mlangoni pangu, moja msikitini, moja mkahawani, moja stesheni, moja kwa daktari wa meno, na moja kwa Abu Samra, ajue kwamba sijafa. Nimezipaka gundi pembeni tu, upepo unazigeuzageuza, zinasomeka pande zote mbili. Vizuri.

Chini kabisa nimeandika hivi:

MIMI MITWALLI ABDEL-SHAFI, MWANA WA TAFIDA, NAULIZA: NANI AMETANGAZA JINA LA MAMA YANGU? SITAKI "NIMESIKIA TU". NATAKA JINA MOJA, JIBU LA MOJA KWA MOJA, HAPA DUKANI, KABLA YA ADHANA YA ALASIRI, JUMATATU.